Chakula cha Ng'ombe ni Chakula cha Mtu

Siku ya mshahara, mfanyakazi wa shamba la mkonge la Ngomeni, mpagazi wa bandari ya Tanga na mwashi wa Korogwe hukutana mahali pamoja, napo ni mbele ya bucha. Kila mmoja hutoa fedha ya jasho lake, na aghalabu hurudi nyumbani na mfupa mkubwa wenye nyama haba, tena ngumu, ambayo mama wa nyumba huichemsha tangu adhuhuri hata magharibi. Mnunuzi humlaumu mwenye bucha. Mwenye bucha humlaumu mchuuzi wa mnadani. Mchuuzi humlaumu mfugaji wa Handeni au Kilindi, naye mfugaji huelekeza kidole mbinguni, akasema mvua haikunyesha. Katika mlolongo huo wa lawama yuko mmoja ambaye hajaulizwa bado, naye ni ng'ombe mwenyewe. Alikula nini?

Swali hilo twaliuliza leo kwa sababu limepata wajibuji wengi, na si wote wa kuaminika. Siku hizi mfugaji hujiwa na watu wenye vifuko vya unga na chupa za dawa, wakimwahidi kwamba ng'ombe wake atanenepa kama ndama wa karamu kwa muda wa majuma machache. Wahenga wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo haitufai kukataa kila kipya kwa kuwa ni kipya. Katika viongezo vinavyotiwa katika chakula cha ng'ombe vimo vya kweli na vya manufaa makubwa. Vimo vya manufaa lakini vyenye hatari. Na vimo ambavyo mataifa mengine yalivitumia, yakajuta, yakavipiga marufuku. Wajibu wetu ni kuvipambanua.

Kwanza tutazame historia ya pwani yetu wenyewe. Katika miaka ya 1950, kampuni ya Amboni, iliyokuwa na mashamba makubwa ya mkonge, ilianzisha ranchi ya Mkwaja, kusini ya Pangani, ili kuwapatia nyama wafanyakazi wake. Ilikuwa ranchi ya zaidi ya kilomita za mraba 400, na katika siku zake za neema ilikuwa na ng'ombe zaidi ya elfu kumi, wengi wao wa aina ya Borani. Nchi ile ilikuwa na majani, maji na soko. Ilikuwa pia na ndorobo. Kwa hiyo ng'ombe wale walidungwa sindano za kinga ya nagana mwaka baada ya mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba kwa kinga hiyo ng'ombe wa Mkwaja walizaa na kukuza ndama kwa kiasi cha sehemu kama themanini katika mia ya wenzao wa Kenya waliokaa mahali pasipo ndorobo. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini gharama ya dawa haikuisha, vichaka vya migunga vikazidi kuyavamia malisho, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Leo ardhi ile imo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, nao nyati wanalisha pale walipolisha Borani.

Funzo la Mkwaja ni hili: mnyama mgonjwa hanenepeshwi kwa kiongezo. Mwenye minyoo, mwenye kupe, mwenye nagana, hata akimwagiwa molasi ya kiwanda kizima, atakonda tu. Anayetaka kununua unga wa kunenepesha kabla ya kulipia josho na dawa ya minyoo amejenga paa kabla ya ukuta.

Baada ya afya huja tumbo. Ng'ombe si kama kuku wala nguruwe. Tumbo lake la kwanza, lililo kubwa kuliko yote, ni kama pipa la kuchachushia, na ndani yake wamo vijidudu wasiohesabika. Hao ndio wanaomeng'enya majani, na hao ndio, wakiisha kufa na kupita katika matumbo mengine, wanaompa ng'ombe sehemu kubwa ya protini yake. Anayemlisha ng'ombe, kwa kweli, hulisha kwanza vijidudu hao. Sasa, vijidudu hao huhitaji nitrojeni. Wataalamu wamepima wakaona kwamba protini ya majani ikishuka chini ya sehemu saba katika mia, kazi ya tumbo hulegea. Na majani makavu ya kiangazi yaweza kushuka hata sehemu tatu au nne. Ndipo tunapoona jambo la ajabu: ng'ombe amesimama katika majani yanayomfika magotini, na bado anakonda. Tumbo limejaa, lakini wafanyakazi wa ndani wana njaa.

Basi kiongezo cha kwanza chenye haki ya kuitwa kiongezo ni kile kinachowapa wafanyakazi hao chakula. Nacho, kwa bei, hakuna kinachoishinda urea, yaani mbolea ile ile nyeupe tunayotia katika mahindi. Nitrojeni yake ni sehemu 46 katika mia. Vijidudu huigeuza ikawa protini, mradi wapate pamoja nayo kitu cha sukari cha kuwatia nguvu. Ndiyo maana urea na molasi ni kama mume na mke: molasi huleta nguvu na utamu, urea huleta nitrojeni. Tunayo molasi nchini. Viwanda vya sukari vya Moshi, Mtibwa na Kilombero huitoa kila msimu. Nchi ya Cuba, ambayo ni nchi ya miwa, tangu miaka ya 1960 ilinenepesha ng'ombe wengi kwa molasi yenye urea, pamoja na majani kidogo na unga wa samaki.

Lakini hapa twasema kwa sauti kubwa, maana makosa yake huua. Urea ikiliwa nyingi kwa mara moja hugeuka kuwa sumu ndani ya saa moja au hata chini yake. Ng'ombe hutetemeka, hutoka povu, tumbo hujaa hewa, huanguka. Kiasi cha kuangalia ni gramu 20 hivi kwa kila kilo 100 za uzito wa mnyama kwa siku, tena kwa kufikia hapo polepole katika wiki mbili au tatu, na kwa kugawa kiasi hicho katika siku nzima. Ndama wadogo wasipewe kabisa. Mnyama aliyeshinda njaa asifunguliwe akaifikia. Isitiwe katika birika la maji, wala mfuko wake usiachwe wazi karibu na zizi. Ikitokea ajali, mnyama anyweshwe upesi siki pamoja na maji baridi mengi, na bwana mifugo aitwe bila kukawia. Mfugaji asiye na mizani, asiyeweza kupima gramu, na aanze na matofali ya kulamba yaliyotengenezwa na watu wanaojua kupima, kwa sababu tofali hulambwa kidogo kidogo.

Pamoja na nitrojeni kuna madini. Wamasai na Wakwavi wa Handeni na Kilindi tangu zamani walijua kuwapeleka ng'ombe wao penye magadi na udongo wa chumvi. Elimu ya kisasa imewathibitisha. Chumvi, fosforasi, shaba na kobalti huhitajika kwa kiasi kidogo sana, lakini vikikosekana mifupa hudhoofika, mimba hupungua na hamu ya kula hupotea. Fosforasi hasa ndiyo yenye upungufu katika malisho mengi ya Afrika, nayo hupungua zaidi wakati wa kiangazi. Jiwe la madini ni gharama ndogo kuliko ndama mmoja aliyeharibika.

Sasa tuje kwenye mali ya Tanga. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Tangu hapo tumesifu nyuzi zake, tukasahau kwamba katika uzito wa jani, nyuzi hazifiki hata sehemu kumi katika mia. Nyingine zote ni maji na makapi. Makapi hayo kwa miaka mingi yalitupwa mabondeni yakaharibu mito, mpaka Hale pakajengwa mtambo wa kuyageuza gesi na umeme. Ng'ombe nao huyala. Huko Yucatán katika Mexico, penye mkonge wa aina ya kwao, wataalamu waliyalisha ng'ombe na kupima matokeo. Waliona kwamba makapi yana nguvu ya kutosha kujaza tumbo, lakini protini yake ni haba, kalisi yake ni nyingi mno na fosforasi yake ni kidogo. Kwa hiyo anayemlisha ng'ombe makapi matupu atapata ng'ombe mwenye kuharisha na mbavu za kuhesabika. Anayetaka faida lazima aongeze protini na fosforasi. Makapi yawe chakula cha kujazia, na mashudu yawe kiongezo.

Mashudu hayo yapo ya aina nyingi: ya pamba, ya alizeti, na kwetu pwani ya nazi pia. Ndugu zetu wa Shinyanga na Mwanza, wenye pamba, wamekwisha kufanya unenepeshaji kuwa biashara kwa mashudu na maganda ya mbegu za pamba. Sisi wa Tanga tunayo pia miti ya malisho kama lusina na gliricidia, ambayo majani yake yana protini nyingi na haiombi fedha za kigeni. Lusina nayo ina siri yake. Ndani yake mna sumu iitwayo mimosini, ambayo ikizidi humfanya mnyama apukutike manyoya na kuvimba tezi la shingo. Isizidi basi sehemu tatu katika kumi ya chakula chake. Na mwaka 1992 wadudu waharibifu wa lusina walifika pwani yetu, wakatukumbusha kwamba si busara kutegemea mti mmoja.

Je, kazi yote hii ina faida? Tufanye hesabu, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Tuchukue mfano wa dume wa zebu mwenye kilo 220. Akichinjwa hivyo alivyo, na nyama na mifupa yake ikawa sehemu 46 katika mia ya uzito wake, zitapatikana kilo 101. Sasa tumlishe vema siku 90, aongezeke gramu 600 kila siku. Atafika kilo 274. Na kwa kuwa mnyama aliyenona hutoa sehemu kubwa zaidi ya nyama, tuseme sehemu 51 katika mia, zitapatikana kilo 140 kasoro kidogo. Tumeongeza kilo kama 38 za nyama kwa mnyama mmoja, wala hatukuongeza hata kichwa kimoja katika malisho yaliyokwisha kuchoka. Lakini katika siku hizo 90 atakuwa amekula chakula kikavu cha kilo 600 hivi. Maana yake, kila kilo ya nyama iliyoongezeka imegharimu kilo kumi na tano na zaidi za chakula. Basi mfugaji na aulize kabla ya kuanza: kilo kumi na tano za chakula changu na bei ya kilo moja ya nyama, kipi kizito? Akiona chakula ni kizito, asianze. Akiona nyama ni nzito, aanze, tena achague dume mchanga aliyekonda kwa njaa na si kwa ugonjwa, kwa sababu huyo akipata chakula hukimbia kulipa deni la siku alizokosa.

Hapo ndipo vinapoingia viongezo vya maabara, vinavyoahidi kupunguza hizo kilo kumi na tano. Cha kwanza kwa umaarufu ni monensini, kitu kitolewacho na kijidudu cha udongo, ambacho Marekani ilianza kukitumia kwa ng'ombe katika miaka ya 1970. Monensini hubadili kazi ya tumbo la kwanza ili nguvu kidogo zaidi ibaki kwa mnyama na gesi kidogo zaidi ipotee hewani. Kwa ng'ombe wanaolishwa nafaka imeokoa chakula kwa kiasi cha sehemu kama sita katika mia. Ni faida ya kweli, hasa kwa mwenye ng'ombe elfu moja. Kwa mwenye ng'ombe wanne ni faida ndogo kuliko ile anayoipata kwa kutia mashudu katika majani makavu. Na ina mwiba. Farasi na jamaa zake, yaani punda nao, hufa kwa kiasi ambacho hakifiki sehemu ya kumi ya kile kinachomwua ng'ombe. Tuwafikirie akina mama wa Kilindi na Handeni ambao punda ndiye mbeba maji wao. Gunia moja la chakula cha ng'ombe lisilo na maandishi, likiachwa mlangoni, laweza kuacha kaya nzima bila ndoo ya maji.

Vipo vingine vibaya zaidi. Mwaka 1954 Marekani iliruhusu homoni iitwayo kwa kifupi DES itiwe katika chakula cha ng'ombe, nao ng'ombe wakanenepa kweli kweli. Homoni hiyo hiyo ilikuwa ikipewa wanawake wajawazito kama dawa. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakagundua kansa ya nadra katika mabinti waliozaliwa na wanawake hao. Na mwaka 1979 matumizi yake katika mifugo yakapigwa marufuku. Mwaka 1990 huko Hispania watu zaidi ya mia waliugua, mioyo ikiwaenda mbio na mikono ikitetemeka, baada ya kula maini ya ng'ombe waliolishwa klenbuteroli kinyume cha sheria ili wajenge minofu. Na katika Uingereza, ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wengine kama kiongezo cha protini. Mwaka 1986 ukagunduliwa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na mwaka 1996 serikali ya huko ikakiri kwamba huenda watu nao waliupata kwa njia hiyo. Ng'ombe, aliyeumbwa kula majani, alilishwa ng'ombe mwenziwe.

Antibiotiki nazo zilitiwa katika chakula kwa miaka mingi ili mnyama akue haraka. Sweden ilikomesha desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukaikomesha kabisa mwaka 2006, kwa kuwa vijidudu vya maradhi huzoea dawa wanayoonjeshwa kidogo kidogo kila siku. Mwisho wake ni mtoto kulazwa hospitali na kupewa dawa isiyomwitikia. Hivyo gharama ya nyama rahisi hulipwa na mwingine, mahali pengine, kwa sarafu isiyorudishwa.

Tena wako wanaodhani kwamba mnyama mzito na nyama nzuri ni jambo moja. Sivyo. Dawa za jamii ya klenbuteroli huongeza minofu na kupunguza mafuta, lakini huifanya nyama iwe ngumu zaidi. Ulaini wa nyama hutegemea umri wa mnyama, mafuta kiasi, na jinsi alivyotendewa siku zake za mwisho. Ng'ombe aliyeswagwa mwendo mrefu, akapigwa fimbo, akalala na kiu, akachinjwa alfajiri, huwa amekwisha kutumia nguvu yote iliyokuwa katika misuli yake. Nyama yake huwa nyeusi, kavu, na huoza upesi. Mpumzishe, mpe maji, mchinje akiwa ametulia, kisha uning'inize nyama yake mahali pa baridi kabla ya kuikata. Kiongezo hicho hakiuzwi katika kifuko chochote, nacho ndicho tunachokikosa zaidi katika njia ya kutoka mnadani hata machinjioni.

Basi twataka nini? Twataka mambo manne. Kwanza, kila mfuko wa chakula cha mifugo uwe na maandishi ya Kiswahili: umetiwa nini, kiasi gani, kwa mnyama gani, na usipewe mnyama gani. Sheria ipo: Sheria Namba 13 ya mwaka 2010 inahusu malisho na vyakula vya mifugo, na sheria isiyofika dukani ni karatasi tu. Pili, dawa yoyote yenye siku za kungoja kabla ya kuchinja iandikwe tarehe yake, na mwenye kuuza mnyama kabla ya siku hizo kutimia ahesabiwe kuwa amemlisha jirani yake sumu. Tatu, elimu iliyoko katika Taasisi ya Utafiti wa Mifugo kituo cha Tanga, na katika chuo cha Buhuri, iende kwa miguu mpaka Mkinga, Pangani na Kilindi. Mfugaji aonyeshwe mizani, aonyeshwe gramu 20 ni kiasi gani katika kiganja. Nne, ng'ombe anunuliwe kwa kilo, asinunuliwe kwa jicho. Maadamu mchuuzi humkadiria mnyama kwa kumtazama, mfugaji aliyemlisha miezi mitatu hupata bei karibu sawa na yule ambaye hakumlisha hata siku moja. Na mtu asiyelipwa kwa kazi yake hatairudia kazi hiyo.

Ng'ombe, husema wazee, haelemewi na nunduye. Wala mfugaji wetu hataelemewa na elimu. Kitakachomwelemea ni kifuko asichojua kilichomo, kilichouzwa na mtu asiyejua jina lake, kwa ahadi ambayo hakuna aliyeiandika. Kabla ya kukifungua kifuko hicho, mfugaji na aulize. Na mfanyakazi, akiwa mbele ya bucha siku ya mshahara, naye na aulize. Nyama ile itawekwa katika sahani ya watoto wake.